Karani Asiyejua Kuandika

Sajenti Donatus hakupewa kiti. Alisimama mbele ya meza ya mishahara ya mgodi wa Nyakasenga, kofia mkononi, vumbi la njia ya Ushirombo limemjaa hadi kwenye nyusi, na karani wa mishahara, Eustace, akaendelea kupiga mistari kwenye daftari lake kama vile aliyeingia ni kuku. Alipiga mistari kwa kutumia ukingo wa kasha la kiberiti. Alipofika mwisho wa kasha alilisogeza, akaendelea, na mstari ukapinda. Alisonya.

"Shauri limekwisha," alisema bila kuinua kichwa. "Mtu amekamatwa. Mmetumwa kumchukua, mchukueni. Lori la Shinyanga linaondoka saa nane."

"Nimetumwa kuuliza kwanza."

"Kuuliza nini? Ignas alipigwa kichwani Jumamosi, saa saba na nusu mchana, hapo hapo uliposimama. Aliyempiga ni Mihayo, kwa nyundo ya mgodini. Nimemwona kwa macho yangu mawili. Sasa wewe askari kanzu unataka nini tena, nikuchoree picha?"

Donatus alikwisha kuzoea. Askari asiyevaa sare hapendwi na mtu: wachimbaji wanadhani ni mpelelezi wa kampuni, kampuni inadhani amekuja kuchochea vibarua, na makarani wanadhani anataka chai. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kauli ya kukwaruza, na mkewe huko Didia alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni.

"Nipe amri ya mahakama," alisema.

"Amri ipi?"

"Ya kukata mshahara wa Mihayo. Nyie wenyewe mmeandika kwamba alimpiga Ignas kwa hasira ya kukatwa mshahara. Basi niione hiyo iliyomkasirisha."

Eustace alivuta mtoto wa meza kwa nguvu mpaka wino ukaruka, akatoa karatasi, akaitupa mezani. Ilianguka chini. Hakuna aliyeinama. Walitazamana. Mwisho Donatus ndiye aliyeinama, maana yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Ignas, mkusanya madeni wa duka la baiskeli la Thobias, alikuwa amelala hospitali ya misheni siku ya tatu bila kutamka neno. Akifa, Mihayo atakwenda kunyongwa. Asipokufa, Mihayo ataoza gerezani. Na lori likishaondoka naye, hakuna mtu wa Shinyanga atakayerudi huku porini kuuliza maswali.

Alisoma amri ile amesimama. Mihayo, karani wa stoo, mshahara shilingi sitini kwa mwezi. Nusu ikatwe kila mwezi, shilingi thelathini, hadi deni la baiskeli la duka la Thobias liishe. Muhuri upo. Saini ya hakimu ipo. Kila kitu safi kabisa.

"Huyu Mihayo ni karani?" aliuliza.

"Umesoma au hukusoma?"

"Nimesoma."

"Basi."

Donatus aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Eustace akanyanyuka akidai karatasi ya ofisi irudi. Donatus akamwambia aje aichukue mfukoni mwenyewe, na Eustace akakaa.

* * *

Walikuwa wamemfungia Mihayo katika stoo ya saruji, kwa kuwa mgodi haukuwa na mahabusu. Nje ya mlango alikaa askari wa mgodi, jitu la sauti nzito, na mbele yake mkewe Mihayo, Limi, na bakuli la ugali lililokwisha kupoa.

"Nimekwambia asubuhi, mama, haingii kitu," askari alikuwa akisema.

"Mwachie ale," Donatus alisema.

"Wewe nani?"

Donatus alimwonyesha kitambulisho. Askari akakitazama juu chini, akafungua mlango kwa uvivu wa makusudi, kufuli moja dakika mbili. Limi hakushukuru. Alimpita Donatus kama anavyopitwa mbwa aliyelala njiani, akaweka bakuli mbele ya mumewe, akatoka.

Mihayo alikuwa mtu wa makamo, Msukuma wa upande wa Didia, mabega mapana, mikono imechanika kwa mawe na kushonwa na makovu. Alikula kwanza. Donatus alingoja.

"Wewe ni karani?"

Mihayo aliacha kutafuna. "Unanicheka?"

"Jibu."

"Yaya," alisema kwa Kisukuma, maana yake hapana, na akalisema kama mtu anayefunga mlango. "Mimi ni mchimbaji. Miaka minne nachimba. Angalia hii mikono, ni ya kalamu hii?"

Donatus alitoa kijitabu chake na penseli. "Andika jina lako."

"Nakwambia sijui kuandika, unanipa penseli! Nyie watu mna nini?"

"Jumamosi saa saba na nusu ulikuwa wapi?"

"Shimoni. Niliingia saa kumi na mbili asubuhi, nikatoka saa tisa. Nilipotoka tu, taa bado mkononi, Eustace akapiga kelele, 'Yule pale!' Wakanirukia. Mimi sina hili wala lile."

"Daftari la shimo halina jina lako."

"Basi daftari linasema uongo."

"Wenzako wa zamu niliwauliza alfajiri, kabla hawajashuka. Watu kumi na wanane. Hakuna aliyekuona."

Mihayo alicheka, kicheko kibaya. "Nani anaandika vipande vyao? Eustace. Kibarua analipwa kipande chake kikijaa alama thelathini, siku thelathini za kazi. Anayeandika alama ni Eustace. Leo ukimuudhi, umefanya kazi siku thelathini, kipande kinaonyesha ishirini na tano. Utamwuliza nani? Usiwalaumu. Hata mimi nisingekuona wewe."

Donatus aliandika. "Amri ya mahakama inasema ulikubali. Kuna karatasi yenye dole gumba lako."

"Niliitwa ofisini, nikasomewa. Nikaambiwa nitakatwa shilingi tano kila mwezi mpaka baiskeli iishe. Nikasema sawa, deni ni langu, sikatai. Nikatia dole. Mwisho wa kipande nakwenda dirishani napewa shilingi sita. Sita! Nina watoto wanne. Nauliza, naambiwa mahakama. Kila mwezi mahakama. Miezi mitatu."

"Ukakasirika."

"Sana."

"Ukamwambia Ignas utamvunja kichwa."

"Nilimwambia. Mbele ya watu, siku ya gulio. Ila sikumvunja. Angekuwa Eustace labda ningemvunja."

Jibu hilo halikumsaidia mtu yeyote, na Donatus alilipenda kwa sababu hiyo. Mwongo angeanza kwa kusema Ignas alikuwa rafiki yake.

* * *

Vitu vya Mihayo vilikuwa ndani ya debe kwa askari wa mgodi: kisu kidogo, kamba, senti hamsini, taa ya kabaidi ya kushukia shimoni. Nyundo haikuwemo. Nyundo, askari alisema, hawajaiona, labda kaitupa shimoni. Donatus alikuwa na barua ya muuguzi wa misheni, naye aliandika wazi kwamba jeraha la Ignas ni refu, jembamba, la kitu cha mviringo mfano wa fimbo. Si la nyundo. Barua hiyo ilifika Jumapili na hakuna aliyejisumbua kuifungua kabla yake.

Aliichukua taa akaenda nayo kwenye kibanda cha taa kilichokuwa karibu na mdomo wa shimo. Mwenye kibanda alikuwa mzee Sikujua, Msumbwa, jicho moja limeingia ukungu. Mzee alipoiona taa mkononi mwa mgeni aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo taa yangu! Wezi wakubwa nyie!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, lete taa! Siku tatu nazunguka, karani ananiambia taa imepotea atanikata mimi. Mimi! Taa zote hapa nazihesabu kwa mkono, haijapotea hata moja tangu nianze!"

"Unazihesabuje, mzee, na daftari huna?"

"Daftari la nini? Ona." Alimvuta shati hadi kwenye ubao uliopigwa misumari safu kwa safu. "Kila mchimbaji ana bati lake shingoni, lina namba yake. Asubuhi ananipa bati, nampa taa. Bati linakaa kwenye msumari. Akitoka shimoni anarudisha taa, anachukua bati lake. Hana taa, hana bati. Hana bati, posho ya unga hapati. Unadhani mtu atasahau kurudisha taa?"

Ubao ulikuwa nusu umejaa, maana zamu ya asubuhi ilikuwa bado chini. Kwenye kona, msumari wa mwisho, lilining'inia bati moja peke yake.

"Na hili?"

"Si ndilo hilo! La Mihayo. Tangu Jumamosi asubuhi limekaa hapo. Alichukua taa akashuka, na taa haijarudi mpaka hivi sasa unavyoniletea wewe."

Donatus aliligeuza bati lile asome. Namba mia mbili na kumi na saba. Alitazama tena taa.

"Mzee, askari wanasema huenda Mihayo aliiokota taa hii popote, akajichanganya na watu waliokuwa wanatoka shimoni."

Sikujua alisonya kwa kirefu. Alifungua taa chini, akaigeuzia kiganjani. Yalidondoka matope meupe, laini, bila punje.

"Shika. Hii asubuhi ilikuwa kabaidi, mawe magumu. Ikiwaka saa moja inabaki nusu mawe. Ikiwa matope hivi yote imekula zamu nzima. Na kopo la akiba la kuongezea, hili hapa pembeni, nalo tupu. Mtu gani anawasha taa saa tisa nzima juani, ana wazimu?"

"Utasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitayasema mbele ya yeyote. Mimi nataka taa yangu."

"Taa nakaa nayo kwanza."

Mzee alimtukana kwa Kisumbwa, matusi marefu yenye mpangilio, na Donatus aliondoka yakimfuata hadi kwenye kona ya karakana.

* * *

Saa sita na nusu alirudi ofisini. Safari hii hakusubiri kiti. Alivuta sanduku la barua, akakaa juu yake, akaweka taa mezani juu ya daftari la Eustace.

"Toa uchafu huo!"

"Kabla ya upolisi," Donatus alisema, "nilikuwa tarishi wa mahakama Shinyanga. Miaka sita. Kazi yangu kusimama mlangoni na kuita majina. Unajua mtu anayesimama mlangoni miaka sita anasikia nini? Anasikia kila kitu. Wenye maduka walikuja kila wiki wakitaka vibarua wakatwe mishahara. Hakimu alikuwa na jibu moja. Mshahara wa kibarua haushikwi kwa deni. Hata senti. Muuzaji aliyemkopesha kibarua akashitaki, atalipwa kwa njia nyingine, lakini mshahara ule ni chakula, haugusiki. Mshahara wa karani ndio unashikwa, tena nusu tu."

"Sasa wanifundisha sheria?"

"Nakuuliza. Mihayo ni kibarua. Nani alimfanya karani?"

"Alipandishwa. Dole lake lipo."

"Karani anayetia dole. Umewahi kumwona mwingine?"

Eustace alirudisha kalamu kwenye wino.

"Hakimu aliletewa karatasi imeandikwa karani, akaamini karatasi," Donatus aliendelea. "Ukamtoa kwenye daftari la shimo, maana karani hashuki shimoni. Ila Mihayo mwenyewe ukamwacha ashuke, kwani mawe hayajichimbi. Na uliposahau ni kwa mzee wa taa. Mzee hasomi daftari lako. Yeye anasoma bati. Bati la Mihayo liko kwenye msumari tangu Jumamosi asubuhi, na taa yake hii imekula zamu nzima. Saa saba na nusu alikuwa chini ya ardhi."

"Kipofu yule ndiye shahidi wako?"

"Ana jicho moja zima. Wewe uliyeona kwa macho mawili ulimwona nani?"

Eustace alicheka, lakini mkono wake ulitafuta kitambaa cha jasho mfukoni ukakikosa. "Hata kama si yeye. Mimi nimfanye karani kwa faida gani? Fedha inakwenda dukani kwa Thobias."

"Thelathini zinakwenda dukani. Ofisi inatoa sitini, mshahara wa karani. Mihayo anapata sita. Fanya hesabu wewe mwenye kalamu." Alingoja. Eustace hakufanya. "Ishirini na nne kila mwezi zimeota mbawa. Jumamosi Ignas alikuja hapa, na mkusanya madeni haji dirishani kwako ila kusaini kwamba deni limekwisha. Lazima asaini kwenye orodha ya mishahara, na pale akaona Mihayo, karani, sitini. Ignas anamjua Mihayo, kampokonya baiskeli mara mbili. Akakuuliza."

"Ignas amekwambia? Hawezi kusema yule!"

"Hajasema. Na wewe unaombea asiseme."

Nje wachimbaji wa zamu ya mchana walikuwa wameanza kukusanyika, na wawili watatu walisogea dirishani. Hakuna aliyewafukuza.

"Nionyeshe rula yako," Donatus alisema.

"Rula gani?"

"Ya kupigia mistari." Alivuta daftari chini ya taa, akafunua kurasa nyuma. Ukurasa wa Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: mistari imenyooka, myembamba, ya kupendeza. Ukurasa wa leo ulikuwa umepinda kama njia ya ng'ombe. "Ijumaa una rula. Leo unapiga mistari kwa kiberiti. Karani nadhifu hivi, tai shingoni, rula imekwenda wapi?"

"Imepotea."

"Ya mti gani?"

Sauti ikatoka dirishani, ya mtu asiyeonekana uso: "Ya mpingo. Ya mviringo, ina shaba kwenye ncha. Alikuwa anatugongea nayo vidole."

"Nani kasema hivyo?" Eustace aliruka. "Nani? Nitamjua! Kipande chake..."

"Kaa."

Donatus alikwenda kwenye jiko la kuni la pembeni, ambalo birika la chai lilikuwa juu yake tangu asubuhi. Alishusha birika kwa kofia yake, akachota majivu kwa koleo, akayamwaga sakafuni. Mpingo ni mgumu kuungua lakini ukipewa siku tatu za chai unaungua. Shaba haiungui. Zilibingirika pete mbili nyeusi, moja ikaenda kugonga kiatu cha Eustace ikalala.

Dirishani mtu mmoja alisema "Lo!" na mwenzake akamziba mdomo.

"Alitaka nusu," Eustace alisema mwishoni, akiitazama ile pete. "Mwizi yule. Alitaka kumi na mbili kila mwezi, la sivyo anakwenda kwa Bwana Meneja. Nikamwambia nitampa tano. Akanicheka. Akageuka kwenda mlangoni." Alijifuta uso kwa tai. "Nina watoto, Sajenti. Wanasoma misheni. Mshahara wangu..."

"Nyoosha mikono."

Lori lilipopiga honi saa nane, aliyepandishwa nyuma alikuwa mtu wa tai. Wachimbaji hawakushangilia. Walisimama wakatazama, kisha mmoja akauliza kwa sauti kubwa ni nani sasa atakayeandika vipande, na hakuna aliyejua.

* * *

Ilibaki kazi ya dakika moja. Donatus alimwambia dereva angoje, akaingia stoo ya saruji na kitabu cha mahabusu na kidau cha wino. Kwenye mstari wa Mihayo, askari wa mgodi alikuwa ameandika: kazi, karani. Donatus alilikata neno hilo, akaandika juu yake: kibarua. Kisha akakisukuma kitabu mbele.

"Umeachiwa. Weka dole hapa, uchukue vitu vyako, uende."

Mihayo alikuwa amesimama tayari. Limi alikuwa nyuma yake mlangoni, ameshika bakuli tupu. Mihayo alitazama wino, akatazama kitabu.

"Yaya."

"Ni karatasi ya kukuachia, bwana! Bila dole siwezi kukuandika kwamba umetoka."

"Usiandike."

"Lori linaningoja! Sikiliza, nakusomea." Na Donatus akasoma, neno kwa neno, kidole juu ya mstari: kwamba Mihayo, kibarua, ameachiwa bila shitaka; kwamba amerudishiwa kisu kimoja, kamba moja, senti hamsini; kwamba taa inabaki kwa polisi na itarudishwa kwa mzee Sikujua. Alisoma polepole. Alisoma yote.

Mihayo alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Hata Eustace alinisomea," alisema. "Tena yeye alisoma vizuri kuliko wewe."

Honi ililia tena. Donatus alisimama na kidau mkononi, akamtazama Limi kama atasaidia, na Limi akatazama pembeni. Basi akakifunika kidau, akaandika kwenye nafasi ya dole: amekataa. Akatia saini yake mwenyewe chini.

Mihayo alichukua kisu chake, kamba yake na senti hamsini zake, akatoka na mkewe kwenda kwenye kibanda cha taa kudai bati lake. Mkono mmoja ulishika vitu. Ule wa pili ulikuwa umefumbwa, dole likiwa ndani.